Waziri wa kwanza kufika kijijini kwetu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika Baraza la Mawaziri la kwanza la Tanganyika huru, Desemba 1961, ni waziri gani ambaye vijana wanapaswa kumjua kuliko wanavyomjua sasa, na kwa nini?

Naandika kutoka Dodoma. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, baadaye mtendaji wa kata, mpaka nikastaafu. Kwa hiyo jibu sikulitafuta mbali: ni Job Lusinde, Waziri wa Serikali za Mitaa. Ni mtu wa kwetu, sikatai. Alizaliwa huku Ugogo mwaka 1930, na tulimlilia alipofariki Julai 2020. Lakini hata angekuwa mtu wa Lindi au Musoma ningemtaja yeye, kwa sababu ya wizara aliyokabidhiwa.

Vijana wakitajiwa baraza lile humjua Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu mwenye miaka 39, na pengine Rashidi Kawawa na Oscar Kambona. Wengine wanasahaulika. Paul Bomani wa Kilimo alitoka kwenye ushirika wa pamba Mwanza. George Kahama wa Mambo ya Ndani alitoka kwenye ushirika wa kahawa Bukoba. Amir Jamal alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Derek Bryceson, Mzungu aliyekuwa mkulima. Fedha ilikuwa mikononi mwa Sir Ernest Vasey, Mwingereza aliyekwisha kuwa Waziri wa Fedha wa Kenya enzi za ukoloni.

Huyo Vasey ndiye wajukuu zangu huniuliza: bibi, tumepata Uhuru halafu sanduku la hela tukampa Mwingereza? Nawajibu kwamba wasomi tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwalimu mwenyewe alikuwa akisema nchi ilirithi wahandisi 2 na madaktari 12. Tena suala la rangi lilikuwa limekwisha kupiganiwa bungeni. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya bendera kupandishwa, baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikasirika, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali sheria ya namna hiyo. Meza ya wale mawaziri ilikuwa ushahidi wa maneno yake.

Lakini mwanamke hakuwepo hata mmoja, na hili linaniuma mpaka leo. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi nzima akiwaita akina mama waingie TANU, wakaingia kwa maelfu, na kadi za chama wakazificha kwenye vibweta vyao. Viti vya baraza vikagawiwa wanaume watupu. Tulingoja mpaka 1975, Julie Manning na Tabitha Siwale walipoteuliwa kuwa mawaziri.

Sasa nimrudie Lusinde. Ili mtu aelewe uzito wa wizara yake, lazima ajue huku kwetu tulitawaliwaje. Waingereza, tangu miaka ya 1920, walitawala kwa kupitia watemi, yaani machifu wa jadi. Mgogo wa kawaida hakumwona Gavana maisha yake yote. Serikali aliyoijua ilikuwa mtemi, kama Mazengo wa Mvumi, na chini yake mpembamoto, yaani jumbe wa eneo lake, anayepita nyumba kwa nyumba kuulizia kodi. Wapo watemi waliopendwa, na Mazengo watu wanamtaja kwa heshima mpaka leo. Ila kodi ukishalipa umelipa. Hapakuwa na mahali pa kusimama kuuliza imefanya nini.

Kazi ya wizara ya Lusinde ilikuwa kuubadili mfumo huo nchi nzima: kuondoa utawala wa machifu na kuweka mabaraza ya wilaya, yaani halmashauri, yenye madiwani wa kuchaguliwa. Na tazama ugumu wake. Ndani ya Baraza lilelile la Mawaziri, Waziri wa Sheria alikuwa Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, huko Tabora! Watu wawili wa meza moja: mmoja amezaliwa katika utemi, mwingine kijana wa miaka 31 mwenye kazi ya kuuondolea utemi nguvu zake. Sheria ya kufuta uchifu ilipita, na kufikia 1963 machifu hawakuwa tena sehemu ya serikali. Nchi nyingine za jirani jambo kama hilo liliwasumbua miaka na miaka. Kwetu damu haikumwagika.

Baraza la Mawaziri lenyewe halikudumu kama lilivyoanza. Januari 22, 1962, siku 44 tu baada ya Uhuru, Mwalimu aliacha uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, Kawawa akashika nafasi yake, na Bomani akachukua Fedha kutoka kwa Vasey. Lusinde aliendelea na mabaraza yake.

Kuna atakayeniambia kwamba mabaraza hayo ya wilaya yalivunjwa mwaka 1972 ulipokuja mpango wa serikali wa Madaraka Mikoani, kwa hiyo kazi ile ilipotea bure. Naikataa hoja hiyo. Halmashauri zilirudi kwa sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984, na zilirudi kwa sababu wananchi walikuwa wamekwisha kuonja kuwa na diwani wao. Miaka ile tuliyokaa bila halmashauri, zahanati na barabara za vijijini zilidorora, kila mtu akaona. Mimi mwenyewe niliajiriwa baada ya halmashauri kurudi, na ofisi yangu ya kwanza ilikuwa meza moja, mhuri na daftari la wakazi, chini ya paa linalovuja. Wizara ya Lusinde ndiyo leo tunayoiita TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Babu yangu alikuwa na kopo la majani ya chai alilotunzia risiti zake za kodi. Za wakati wa mtemi alizifunga pamoja kwa uzi wa katani. Za halmashauri aliziweka juu, zimelala wazi, na sikujua kwa nini mpaka siku aliyonichukua mkutanoni. Ilikuwa yapata 1966, nina miaka sita, nimekaa mchangani karibu na kigoda chake chini ya mbuyu. Diwani alikuja na baiskeli kuzungumzia lambo la kunyweshea ng'ombe ambalo lilikuwa limeahidiwa. Alipomaliza hotuba babu alisimama, akafungua kopo, akatoa risiti moja, akainyoosha juu watu wote waione.

"Mwanangu," alimwambia, "hela hii niliitoa kwa mkono huu. Lambo liko wapi?"

Pakawa kimya. Nakumbuka wazee wawili walimvuta shuka aketi, kwa kuwa walikulia enzi ambazo swali hilo lingemponza mtu. Babu hakuketi. Diwani naye alivua kofia yake, akaiweka juu ya tandiko la baiskeli, akatoa karatasi mfukoni, akaanza kueleza shilingi kwa shilingi: za mwalimu, za dawa, za lambo ambalo fundi wake alikuwa hajalipwa. Alieleza mpaka ng'ombe wakarudi zizini, na babu muda wote amesimama anamsikiliza, risiti ingali mkononi.

Msomaji wenu,
Mtendaji wa kata mstaafu, Dodoma