Fuvu la fahali limegeuka njano na pembe imechomoka: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mapambo hapa Bagamoyo. Shemeji yangu aliyeko Marekani alinitumia picha ya fuvu la ayala, yule mnyama wa kwao mwenye pembe za matawi, jeupe kabisa, limetundikwa ukutani na pembe zake, nikatamani kutengeneza la fahali. Nilichukua kichwa machinjioni, nikakichemsha kutwa kwa kuni, kisha nikakiloweka kwenye jiki usiku kucha. Kilitoka cheupe, lakini baada ya wiki chache kimepata madoa ya njano, unga unabanduka nikikigusa, meno yanacheza, na pembe moja imechomoka ikiwa na harufu mbaya. Sasa nina kichwa cha beberu kwenye friza. Safari hii nianzeje? Na kuna jamaa ananiuzia fuvu la kulungu, anasema aliliokota upande wa Saadani. Nilichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi yangu hapa Tanga ni kuandaa mifupa ya kufundishia wanafunzi, na mafuvu yenye hali kama ya hilo lako huletwa kwangu mara kwa mara. Kutoa nyama ni kazi moja, kutoa mafuta ni kazi ya pili, kutia weupe ni ya tatu, na kila moja ina maji yake. Wewe ulitaka moto na jiki vifanye zote kwa siku moja.

Moto mkali uliyeyusha mafuta yaliyomo ndani ya mfupa ukayasambaza kila mahali. Fuvu likiwa bichi huyaoni. Likikauka ndipo yanapojitokeza, hasa kisogoni na pale taya linapoungana na fuvu. Meno yanacheza kwa sababu nyuzi zilizoyashika zimeiva zikageuka mchuzi, na mishono ya fuvu hulegea kwa njia hiyo hiyo. Ule unga ni kazi ya jiki. Mfupa si madini matupu, una protini inayoyashikamanisha. Jiki huila ile protini, na mabaki yake yakikaa kwenye vitundu huendelea kuila hata baada ya wewe kulianika.

Hata hivyo fuvu hilo usilitupe. Liloweke kwenye maji safi, badilisha kila siku mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, litoe mafuta kwa njia nitakayoeleza, likauke kivulini, halafu lipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mara nne au tano ya ujazo wake. Gundi itazama ndani na kuushika ule unga. Ugumu wa mwanzo hautarudi, ila litatundikika.

Sasa pembe, ambapo picha ya shemeji yako ilikupoteza. Pembe za ayala ni mfupa mtupu wenye matawi. Dume huziangusha kila mwaka akaota nyingine. Hazina ganda. Ndiyo maana wawindaji wa kule hulipasha fuvu moto taratibu huku pembe zikiwa juu ya maji, mashina yake wameyafunga nailoni yasipauke. Katika Afrika jamii ya ayala kwa asili ipo kaskazini tu, hasa Algeria na Tunisia. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala wetu wana pembe za namna nyingine: ndani kiini cha mfupa, nje ganda la asili moja na ukucha, na katikati utando wenye mishipa ya damu. Huo utando ndio uliooza ukanuka. Kwa hiyo pembe iliyochomoka haijaharibika, ilipaswa kutoka, na ile nyingine itoe pia. Kiini cha pembe ya ng'ombe mkubwa kina uwazi unaoungana na vyumba vya hewa vya kwenye paji la uso, na uchafu ukibaki humo utanuka kwa miezi. Toboa kitundu kwa keekee upande wa nyuma wa kiini, mahali ganda litakapofunika, maji yapite.

Kabla ya kuanza na beberu, hakikisha alichinjwa na kukaguliwa na mkaguzi wa nyama. Mnyama aliyekufa ghafla, tena damu ikamtoka puani au kwenye haja, usimchune wala usichukue kichwa chake. Huenda ni kimeta. Vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi na humpata binadamu. Mwite afisa mifugo.

Kikiyeyuka barafu, vaa glavu, kichune, toa macho na ulimi, tenganisha taya la chini. Ubongo utoe kwa waya uliokunjwa ncha, kupitia lile tundu la kisogoni, huku ukisukuma kwa mpira wa maji. Usipitishe waya puani: mle mna mifupa myembamba kama karatasi iliyojikunja, na ukiivunja pua itabaki pango.

Kisha tia kichwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ujaze maji mpaka yafunike mashina ya pembe. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Najua ufukwe uko karibu nawe, lakini maji ya bahari hayafai: chumvi huwazuia bakteria wanaokula nyama, na ikibaki ndani ya mfupa huvuta unyevu siku zote. Joto la Pwani hapa ni neema kubwa. Ulaya watu hununua hita za matangi ya samaki ili maji yafike nyuzi 30; sisi tunaiweka ndoo mahali penye jua tu. Ukibadilisha maji, bakiza robo ya yale ya zamani, maana bakteria wako humo. Kichwa cha mbuzi huchukua wiki mbili hivi, wakati mwingine tatu. Fahali huzidi mwezi.

Harufu itakuwa kali, kwa hiyo ndoo ikae mbali na madirisha ya majirani na mbali na kisima, na maji yake yamwagwe kwenye shimo yafukiwe, si mtaroni. Mfuniko uwekee jiwe, maana kunguru wa Pwani hakuachii kitu. Ukimwaga tumia chekeche, maana meno hudondoka. Yaokote uyahifadhi kwenye kikopo mpaka siku ya kuyagundisha. Beberu hana meno ya mbele ya juu, usihangaike kuyatafuta.

Baada ya siku kadhaa jaribu pembe. Shika ganda kwa kitambaa kikavu, lizungushe kidogo kidogo huku ukivuta. Likigoma lirudishe majini. Usiligonge kwa nyundo, ncha ya kiini itakatikia ndani. Likitoka, utaona ndani yake utando wa kijivu unaoteleza. Ukwangue wote kwa brashi ya chupa na sabuni, kisha ganda likauke kivulini. Lisirudi tena majini, kwa kuwa likiloana mno hujitenga tabaka tabaka, na likianikwa juani hupasuka. Andika kulia na kushoto ndani ya midomo yake.

Kazi ya mafuta ndiyo watu huiruka, nami naihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe. Fuvu likiisha nyama, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ndoo nyeusi juani hupasha maji ya kutosha, yasichemke. Mafuta yataelea juu, maji yatachafuka, nawe ubadilishe, tena na tena, hata kwa wiki kadhaa kama fuvu ni la ng'ombe. Kujua kama yamekwisha, likaushe vizuri, kisha bana kipande cha tishu kisogoni kwa kamba usiku mmoja. Asubuhi tishu ikiwa na doa linalopitisha mwanga, rudi kwenye sabuni. Fuvu lenye mafuta hata ulitie dawa gani litarudi njano.

Weupe ni wa mwisho, na ni rahisi. Nunua haidrojeni peroksaidi, duka la dawa au duka la vifaa vya saluni. Ile ya saluni yenye namba 20 ni asilimia 6, ya namba 40 ni asilimia 12. Punguza kwa maji ifike asilimia 3, loweka fuvu siku moja au mbili kwenye chombo cha plastiki. Vaa glavu na miwani, usikikaze kifuniko kwa sababu hutoa gesi inayoweza kupasua chombo, na usiichanganye na jiki hata tone. Maganda ya pembe yasiingie humo, yatapauka. Suuza, kausha kivulini, pachika meno kwa gundi ya mbao, rudisha maganda kwa silikoni kidogo.

Kaskazi ndio wakati mzuri wa kukaushia, kabla masika hayajaleta ukungu. Ukishatundika, kagua pembe kila baada ya muda. Kuna nondo ambaye mabuu wake hula pembe za wanyama waliokufa. Ukiona vitundu au vimirija vya unga na nyuzi juu ya ganda, litoe, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, lilaze kwenye friza wiki mbili.

Kuhusu kulungu, usilichukue hata kwa bure. Kulungu ni mnyamapori, na fuvu lake ni nyara ya serikali. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukutwa nalo bila kibali ni kosa la jinai, na maneno ya kwamba liliokotwa hayatakusaidia, hasa likitoka jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwambie jamaa yako awaone maafisa wanyamapori wa wilaya, naye asikuachie fuvu hilo dukani hata kwa kulihifadhi.