Maswali na majibu: daraja la gitaa la besi linapoinuka

Assalamu alaykum mafundi. Gitaa langu la besi la nyuzi nne, daraja (lile bati la chuma linaloshika nyuzi mwilini) limeanza kuinuka upande wa nyuma. Nimekaza skrubu, zinazunguka tu bila kushika. Fundi seremala jirani ananambia nitie skrubu nene zaidi. Nimfuate? (Msomaji, Mpendae)

Waalaykum salaam. Usimfuate, ingawa kwa mlango ushauri wake ungefaa. Nyuzi nne za besi zikishakazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi, na zote zinalivuta daraja kuelekea shingo. Ukingo wa mbele wa daraja umekandamizwa kwenye mbao, wa nyuma unataka kuinuka, na kinachouzuia ni skrubu tano nyembamba. Skrubu nene itapasua mbao iliyokwisha kulegea. Pia kichwa chake hakitakaa kwenye tundu la bati la daraja.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Ingiza ukingo wa karatasi ya kawaida chini ya daraja kwa nyuma, nyuzi zikiwa zimekazwa. Ikipita, legeza nyuzi zote halafu jaribu tena. Mwanya ukijifunga, tatizo ni matundu ya skrubu. Ukibaki vilevile, bati lenyewe limejikunja. Hapo litolewe, libanwe kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao ngumu mpaka linyooke. Bati jembamba lililokwisha kujikunja mara moja hujikunja tena, kwa hiyo anza kutafuta daraja zito zaidi lenye matundu yanayolingana na la kwako.

Kwa maelezo yako, matundu ndiyo yamelika. Zungushia daraja tepu ya karatasi ili ujue pa kulirudishia, kisha toa nyuzi, skrubu na daraja. Angalia waya mwembamba unaotokea chini yake. Usiukate.

Ziba matundu yote matano hata kama ni mawili tu yaliyoharibika, kwani hayo matatu yaliyobaki yamekuwa yakibeba mzigo wa wenzao. Tafuta kijiti cha duara cha mbao ngumu chenye kipenyo cha milimita 6. Kwa wachonga milango utapata vipande vya mninga au mvule vya kuchongea. Msaji pia ni mgumu, lakini una mafuta yanayokataa gundi, na usipoufuta kwa spiriti kabla ya kupaka utakuja kung'oka. Toboa kila tundu kwa keekee ya milimita 6, kina milimita 30, na funga tepu kwenye keekee kuonyesha kina hicho. Mwili wa gitaa kwa kawaida una unene wa milimita 40 na kitu, ukizembea utatokea upande wa pili. Anza kwa kuizungusha keekee kinyumenyume mpaka ipite rangi, la sivyo rangi itabambuka hadi nje ya eneo la daraja, na hilo halifichiki.

Paka gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu na juu ya kijiti, kigonge polepole kiingie, futa gundi iliyotoka, uache saa 24. Masika, mbao zikiwa na unyevu, acha siku mbili. Kisha kata kijiti kiwe sawa na uso wa gitaa kwa patasi kali. Wengine huchomeka njiti za meno na gundi. Kwa skrubu ya kishikio cha mkanda zinatosha, lakini kwa daraja la besi hazifai.

Ukitaka ukamilifu, fahamu kwamba skrubu hushika vizuri zaidi inapokata nyuzinyuzi za mbao kwa mkingamo, na kijiti cha duara kina nyuzinyuzi zinazokwenda sambamba na skrubu. Ipo keekee maalumu ya kukatia vizibo vyenye nyuzinyuzi za mkingamo. Kama fundi wako anayo, bora. Kama hana, kijiti cha mbao ngumu kitahimili.

Rudisha daraja mahali pake. Nyoosha uzi wa kushonea kutoka kwenye kichwa cha gitaa hadi darajani, kulia na kushoto, uhakikishe umbali kutoka ukingo wa shingo ni sawa pande zote mbili. Tia alama kwa ncha ya msumari, toboa kwa milimita 2.5, kina 30. Skrubu ya kawaida hapa ina unene wa milimita 3.5 na urefu wa 32. Isugue kwenye mshumaa au nta ya nyuki kabla ya kuizungusha. Sabuni usitumie, kwani huvuta unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi skrubu itapata kutu humohumo ndani.

Kaza nyuzi kidogo kidogo, acha siku moja, pima tena kwa karatasi. Daraja lilipoinuka urefu wa nyuzi ulibadilika, kwa hiyo sauti za juu ya shingo zirekebishwe. Gusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti (kichuma cha mkingamo shingoni) ya 12 na uupige, kisha ukandamize hapohapo uupige tena. Sauti ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, rudisha kikalio cha uzi huo (kipande cha daraja unachokalia uzi) nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Jambo moja zaidi: geuza gitaa utazame mgongoni. Kama lina matundu ya kupitishia nyuzi, zipitishe huko. Nyuzi zinazopenya mwilini hulikandamiza daraja chini.

Tangu daraja liinuke, gitaa linavuma kwenye amplifaya. Linahusiana? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Mara nyingi ndiyo. Ule waya wa chini ya daraja ni wa ethi, unaounganisha daraja na nyuzi na chuma cha tundu la kebo. Gusa nyuzi: mvumo ukipungua, waya uko sawa, tafuta kwengine. Usipobadilika, lakini ukapungua unapogusa chuma cha tundu la kebo, waya haugusani na daraja. Toa kutu chini ya bati kwa msasa mpaka chuma king'ae na ulaze ncha ya waya ikiwa imetandazwa. Fundo nene la waya nalo huinua daraja.

Pete za chuma zinazozunguka funguo za kukazia nyuzi zinachomoka kila nikibadilisha nyuzi. Nizigandishe kwa supaglu? (Msomaji, Nungwi)

Pete usiigandishe, utajuta siku ya kubadilisha funguo. Paka tabaka jembamba la supaglu kwenye ukuta wa tundu peke yake, ikauke kabisa, kisha jaribu pete. Bado inalegea? Tabaka la pili. Iingie kwa kusukumwa na kidole gumba kwa nguvu. Ikihitaji nyundo, punguza kwa msasa, maana kichwa cha gitaa hupasuka kirahisi.

Kromu ya daraja inabambuka. Nimeisugua kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua shaba, imezidi. (Msomaji, Mkoani)

Kwa shaba dawa hiyo ni nzuri. Daraja la bei nafuu, lakini, mara nyingi ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu, na tindikali ya ndimu hupenya kwenye nyufa za kromu ikaila zinki. Suuza, kausha kabisa, paka mafuta mepesi ya cherehani kwa pamba. Kilichobambuka hakirudi. Kila ukimaliza kupiga, futa jasho kwa kitambaa kikavu, na usilifungie gitaa kwenye mfuko uliolowa.

Besi yetu ya taarabu ni ile kubwa ya kusimama. Daraja lake limeinama kuelekea shingo. Tulitie skrubu? (Kikundi, Chake Chake)

Hasha! Daraja hilo halina skrubu wala gundi. Linasimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu, na kila mkikaza nyuzi linavutwa kuelekea shingo. Legezeni nyuzi kidogo, mmoja baada ya mwengine. Msizilegeze zote kwa pamoja, kwani kijiti kilichosimama ndani ya mwili kitaanguka na kukirudisha ni kazi ya fundi. Mtu mmoja ashike mwili, mwengine alisukume daraja kwa juu, mikono miwili, mpaka uso wake wa nyuma (usiotazama shingo) usimame wima juu ya kifua cha besi na miguu yote miwili iguse bila mwanya. Sugueni penseli kwenye mikato ya nyuzi juu ya daraja, zitateleza badala ya kulivuta tena.