Maswali ya Wasomaji: Kimeng'enya cha kukata protini kinasaidiaje ujenzi wa spora?

SWALI: Ng'ombe wa jirani yetu alipokufa kwa kimeta, afisa mifugo alitukataza kumchuna au kumpasua, akisema kwamba vijidudu vilivyomo katika damu vikikutana na hewa hugeuka spora zinazodumu ardhini kwa miaka mingi. Nafundisha biolojia sekondari, kwa hiyo nilitafuta maelezo zaidi, nikasoma kwamba bakteria hawawezi kukamilisha spora bila proteasi iliyozama ndani ya utando wa seli. Hapo nilikwama. Kazi ya proteasi ni kukata protini; ukataji unasaidiaje ujenzi? Tena, kukata protini kunahitaji maji. Je, maji hayo yanafikaje katikati ya utando wa mafuta?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, afisa huyo aliwaelekeza vyema. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, huhitaji oksijeni ili watengeneze spora, na mzoga usiopasuliwa huwanyima oksijeni hiyo. Maswali yako mawili, hata hivyo, yamechunguzwa zaidi katika ndugu yao asiye na madhara, Bacillus subtilis, anayeishi udongoni, nami nitamfuata huyo.

Akikosa chakula, B. subtilis hujigawa bila usawa: ukuta hujengwa karibu na ncha moja ya seli, zikapatikana seli mama kubwa na spora changa ndogo. Seli mama huizunguka ile ndogo mpaka ikaimeza, hivyo spora changa ikabaki ndani ya mama yake, imefunikwa kwa tando mbili. Tangu hapo mama huilea: huivisha tabaka za protini kwa nje, na mwishoni hupasuka na kufa ili spora itoke. Katika nyuzijoto 37 shughuli yote huchukua saa saba hadi nane hivi.

Jambo gumu katika malezi haya ni wakati. Jeni za hatua za mwisho katika seli mama huwashwa na protini iitwayo sigma K. Seli mama huitengeneza ikiwa na kipande cha ziada cha asidi amino 20 hivi mbele yake, na maadamu kipande hicho kipo, sigma K hushikamana na utando wala haiwezi kuwasha jeni yoyote. Proteasi uliyoisoma, SpoIVFB, ndiyo inayokikata. Hukata mara moja, mahali pamoja, kisha sigma K iliyo kamili huenda kazini. Mkunga akikata kitovu hamharibu mtoto. Ndivyo unavyopaswa kuutazama mkato huu, na nadhani wanafunzi wako wataushika kwa mfano huo upesi kuliko kwa mchoro.

Kuhusu maji, jibu limo katika umbo la proteasi yenyewe. SpoIVFB hupita katika utando mara sita, na ndani ya mkunjo huo, katika eneo la utando, imeshika ioni ya zinki kwa asidi amino zake tatu: histidini mbili, ya 43 na ya 47 katika mnyororo wake, pamoja na asidi aspatiki ya 137. Jirani yao, asidi glutamiki ya 44, huiandaa molekuli ya maji ili ishambulie kifungo cha peptidi, yaani kile kinachounganisha asidi amino za protini. Ukibadilisha asidi amino hiyo moja tu, proteasi hupoteza uwezo wa kukata. Maji hayapenyi kwenye mafuta, bali hufuata mfereji uliomo ndani ya protini. Mfereji wa namna hiyo ulionekana mwaka 2007, wanasayansi walipochora umbo la proteasi ya jamii hiyohiyo kutoka kwa arkea (kiumbe wa seli moja asiye bakteria) Methanocaldococcus jannaschii. Hata sisi binadamu tunaye ndugu wa jamii hii, proteasi S2P, ambayo hushiriki katika kudhibiti utengenezaji wa kolesteroli mwilini; undugu huo ulielezwa mwaka 1999 na wanasayansi David Rudner, Richard Losick na wenzao.

Linalonivutia kuliko yote ni kwamba seli mama haiamui peke yake lini ikate. SpoIVFB hukaa katika utando wa nje unaoizunguka spora changa, ikiwa imezuiwa na protini mbili, BofA na SpoIVFA. Spora changa ikishamezwa kikamilifu, huwasha jeni zake yenyewe na kutengeneza proteasi nyingine, SpoIVB, inayotolewa hadi kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili. SpoIVB humkata mlinzi SpoIVFA, SpoIVFB ikafunguka, na sigma K ikaachiliwa upande wa mama. Mtoto, kwa maneno mengine, ndiye anayetoa taarifa kwamba yuko tayari. Mwaka 1990 Simon Cutting, Losick na wenzao walionyesha kwamba bakteria wenye kasoro katika ulinzi huu huiwasha sigma K mapema, takriban saa moja kabla ya wakati wake, na spora zao huwa na hitilafu.

Ukiendelea kusoma utakutana na proteasi ya tatu, GPR, ambayo hutengenezwa ndani ya spora changa na kubaki humo bila kufanya kazi muda wote spora imelala. Maji na chakula vikipatikana, spora ikaanza kuchipua, GPR huzikata protini ndogo zilizokuwa zimeifunika DNA na kuilinda, na asidi amino zinazotokana na mkato huo hutumiwa na seli mpya kutengenezea protini zake za kwanza.