Maji katika wiski ya pipa moja
Ndugu, umeuliza kama kuitia maji wiski ya Uskoti iliyotoka katika pipa moja ni kuiharibu. Hapana. Wiski hiyo haikuchanganywa na ya mapipa mengine, na mara nyingi hutiwa chupani bila kupunguzwa makali, kileo chake kikipita asilimia 55, kiwango ambacho huutia ulimi ganzi kabla haujatambua chochote. Mimina kidogo katika glasi iliyobana mdomoni, inuse kwa utulivu, onja tone moja, kisha ongeza maji matone machache machache. Ikiingia ukungu usihofu, kwani ni mafuta yake ya asili ambayo hayakuchujwa. Barafu ningeiacha kabisa, kwa kuwa baridi huizuia harufu, nayo harufu ndiyo inayolitofautisha pipa na pipa.