Port Florence na reli ya Uganda

Ndugu uliyeuliza kwa nini reli iliyoishia Kisumu iliitwa Reli ya Uganda, jina halikuwa kosa: ilipofika ziwani Desemba 1901, Kisumu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki (Kenya ya baadaye) mwaka 1902. Kituo chenyewe kiliitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Karibu na bandari hiyo ndipo tulipokuwa tukila samaki kwa ugali pale Lwang'ni, yaani nzi kwa Kijaluo (si jina la kumvutia mlaji, nakiri), hadi vibanda vilipobomolewa.