Kibarua anapoweza kukataa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: takwimu zikionyesha kwamba ukosefu wa ajira umepungua, ndiyo kusema uchumi umeinuka kweli? Jibu langu ni hapana, si kwa takwimu hiyo peke yake. Wala siibezi kazi ya watu wa takwimu. Nimekaa miaka mingi kwenye geti la ghala hapa Tanga nikiandika majina ya vibarua kila asubuhi, na najua daftari linaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari na bado lisiseme kama waliomo wanakula.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kwa kipimo cha kimataifa, asiye na ajira ni yule ambaye katika wiki anayoulizwa hakufanya kazi ya kipato hata saa moja, yuko tayari kufanya, na amekuwa akitafuta. Lazima yote matatu yatimie. Kijana wa Mabawa aliyepakua lori la saruji Jumatatu, kisha akashinda kijiweni hadi Jumapili, huyo ana ajira. Mwenzake aliyechoka kusimama getini akarudi kwao Pangani kukaa, naye haandikwi kuwa hana ajira, kwa sababu hatafuti. Anaondolewa kwenye nguvukazi, yaani hesabu ya walio kazini na wanaotafuta kazi. Akishaondolewa, asilimia inashuka, na hakuna mtu aliyepata kazi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu inalijua hilo, ndiyo maana tafsiri yake ya kitaifa ni pana zaidi: inamhesabu pia aliye tayari kufanya kazi ingawa hatafuti. Kwa tafsiri hiyo, ukosefu wa ajira Tanzania Bara ulikuwa kama asilimia 10 katika utafiti wa mwaka 2014, ukashuka hadi kama asilimia 9 katika ule wa 2020/21. Lakini fungua majedwali ya kimataifa yanayofuata yale masharti matatu, utaikuta Tanzania iko chini ya asilimia 3, na Afrika Kusini imepita asilimia 30. Ingekuwa asilimia hiyo ndiyo afya ya uchumi, vijana wa Johannesburg wangekuwa wanahamia Ngamiani hapa Tanga. Wanaohama ni wetu.

Sababu yake haifichiki. Kwetu mtu wa kibarua akikosa kazi hakuna fungu la serikali la kumlisha mpaka apate nyingine. Hawezi kukaa bure. Atakaanga mihogo, ataendesha bodaboda ya mtu apeleke hesabu jioni, atauza maji stendi ya Kange. Umaskini wenyewe ndio unaoishusha asilimia. Kwa nchi kama yetu kupungua kwa pointi moja kunaweza kumaanisha kwamba viwanda vimeajiri, na kunaweza kumaanisha kwamba maisha yamebana hata mama wa nyumbani na mtoto aliyemaliza darasa la saba wameingia barabarani kuuza chochote. Namba itakuwa ile ile.

Hata kwa matajiri mambo hayako wazi. Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, na mwishoni mwa 2015 ulikuwa umerudi asilimia 5. Ajira ziliongezeka kweli, hilo sikatai. Lakini kabla ya mtikisiko wa 2008, watu wazima waliokuwa kazini au wakitafuta kazi walikuwa kama 66 katika kila 100. Mwaka 2015 hawakufika 63. Wako waliozeeka wakastaafu, wako waliorudi masomoni, na wako waliokata tamaa. Asilimia 5 ilikuwa imewameza wote bila kuwatenganisha.

Sisi watu wa Tanga tuna ushahidi wa karibu zaidi, tena wa zamani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1950 mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani yalikuwa na njaa ya watu. Hakukuwa na tatizo la ajira. Tatizo lilikuwa wafanyakazi. Wenye mashamba walikuwa wameunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, mwaka 1944, na manamba, vibarua wa mkataba, wakasombwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Rwanda, Burundi, hadi Msumbiji. Mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka siku zote 30 zilipotimia, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi. Wakataji walikuwa shambani alfajiri, wengine kwenye korona, mashine ya kusindika majani, wengine kwenye uanikaji wa singa, yaani nyuzi za mkonge. Kila mtu alikuwa na kazi. Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika kama tani 230,000. Je, yule manamba alikuwa na uchumi mzuri? Upungufu wa watu ulipaswa kumpandishia ujira. Badala yake waliletwa watu kutoka mbali zaidi, wenye shida zaidi, ili ujira ubaki chini.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Mimi naangalia kama kibarua anaweza kukataa. Msimu wa machungwa Muheza unapokolea, watu getini kwetu hupungua, kwa sababu kule kuna kuchuma na kupakia malori. Wiki hizo bei ya kupakua lori hupanda bila mtu kugoma wala kupiga kelele. Nikitaja bei ya zamani, kijana ananitazama usoni, anasema, “Mzee, kwa bei hiyo siwezi,” anaondoka, na kesho yake namkuta bosi ameongeza. Msimu ukiisha wanarudi, wanasukumana, bei inashuka, na yule yule aliyenikatalia ananiomba nimwandike hata kwa nusu. Katika vipindi vyote viwili, mkusanya takwimu akipita atamwandika kuwa ana ajira.

Kuna upande mwingine ambao wengi hawautaji. Bandari yetu kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na gati kwa sababu ya kina kifupi, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukapakuliwa tena nchi kavu. Mikono ilikuwa mingi kwa mzigo ule ule. Sasa gati limeongezwa kina hadi mita 13 na meli zinakuja zenyewe. Mzigo mmoja hauhitaji tena kubebwa mara mbili. Uchumi unaweza kukua kwa njia hiyo huku baadhi ya magenge yakikosa kazi kwa muda, kibarua kikaota majani kwa mtu ambaye hakufanya kosa lolote, mpaka meli ziwe nyingi kiasi cha kuwarudisha. Kwa hiyo nisingependa mtu ashangilie namba ikishuka, na nisingependa aogope kila ikipanda. Kijana aliyekuwa amekata tamaa, akasikia bandari ina kazi, akaja kutafuta, naye siku hiyo anaongeza idadi ya wasio na ajira.

Ripoti zile zile za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zina majedwali ya saa za kazi, ya kipato, na ya watu ambao kazi waliyonayo haiwatoshi. Vyombo vya habari huchukua asilimia moja na kuacha mengine yote. Naliomba jarida lenu, utafiti ujao utakapotoka, liyachapishe majedwali hayo pamoja na hiyo asilimia, kwenye ukurasa mmoja. Na mkitaka ya Tanga, mtumeni mwandishi getini saa kumi na mbili asubuhi. Awaulize vijana wiki iliyopita walifanya siku ngapi na kwa shilingi ngapi, na lini mara ya mwisho walikataa kazi wakapata nyingine.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga