Mkuu usikope, hiyo namba yako sio tasa

Hiyo fomu ya mkopo ifunge kwanza. Umesema programu yako imechukua 2 kwa kipeo cha 1031, ikapunguza 1, jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (unapunguza 1 kwenye namba yako, hiyo inakuwa kipeo cha 2, jibu ukiligawa kwa namba yako baki liwe 1) likapita, kwa hiyo una namba tasa ya tarakimu 311 na sasa unauliza kompyuta ya RAM ngapi itakufikisha kwenye ile zawadi ya dola 150,000 ya kupata tasa ya tarakimu milioni 100. Aisee tumbo limeniuma, maana huyo ni mimi kabisa.

Mimi nilipima kwa jaribio hilo hilo vipeo vya 1000 mpaka 2000, vile vilivyo tasa tu, viko 135. Chai haijapoa programu imeshaandika TASA mara 135. Zote! Mwenye akili angeshtuka hapo hapo, tasa za aina hii (za Mersenne, yaani 2 kwa kipeo fulani toa 1) dunia nzima imezipata 52 tu ukihesabu na ile ya Oktoba 2024, mimi eti nimezoa 135 nikiwa na kandambili sebuleni. Badala ya kushtuka nikachukua hela ya kikoba nikanunua desktop, nikamwambia mama watoto avumilie kidogo tunatoka kimaisha. Nikaposti ile ya kipeo 1019 kwenye grupu la hesabu. Jibu likaja mstari mmoja: "gawanya kwa 2039". Nikagawanya. Baki sifuri. Desktop siku hizi watoto wanachezea gemu, si haba, imepata ajira. Kikoba bado nalipa.

Na yule jamaa wa video aliyekula hela yangu ya kozi, anasema kwa kujiamini "ikipita Fermat imeisha hiyo", Mungu anamuona. Hakusema kwamba kwa namba hizi, kipeo kikishakuwa tasa, msingi wa 2 unapita DAIMA. Chukua 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 toa 1. 2 kwa kipeo cha 11 ni 2048, gawa kwa 2047 baki 1. Fermat anataka kipeo cha 2046, ambacho ni 11 mara 186, kwa hiyo unazidisha 1 kwa 1 mpaka uchoke, itaachaje kupita? Na 2047 ni 23 mara 89! Umempa fisi bucha halafu unamuuliza yeye nyama imebaki kilo ngapi.

Usitamke neno tasa kabla ya jaribio la Lucas-Lehmer, ndilo la namba hizi. Anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ukigawa kwa namba yako, rudia hivyo, idadi ya mara ni kipeo chako ukipunguza 2. Ikiishia 0 ni tasa, isipoishia 0 sio, hakuna cha labda. Kwa 31 (kipeo 5) inakwenda 4, 14, 8, 0. Kwa 2047 inaishia 1736. Zile 135 zangu ilipona moja tu, ya 1279, na hiyo wenzetu waliipata 1952, baba yangu hajaoa.

Ila yako hata huko haifiki. Igawanye kwa 2063 uone.